Sauti ya Binti Yangu Ndani ya Mashine

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Uchovu: nane.

Daktari wa ini amenipa kadi ya njano na kuniagiza niandike kila siku jinsi ninavyochoka, kwa alama. Sifuri ni mzima kabisa, kumi ni mtu asiyeweza kuinua kijiko. Kwenye kadi nimeandika tatu, kwa sababu binti yangu huipitia kila Jumapili akija kutuona. Humu kwenye daftari naandika nane. Daftari nalificha chini ya vipande vya vitambaa katika kapu langu la kushonea, na kapu hilo hakuna anayelitia mkono asichomwe na pini.

Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiubandika ukutani wengine wauige. Naandika hivyo ili ijulikane.

Mvua imeanza leo, ile ya manyunyu, isiyo na haraka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Uchovu: nane.

Niyaweke mambo sawa, maana siku hizi kichwa changu kinavuja kama bati la jikoni. Mwezi wa kumi na mbili waliona uvimbe wa saratani upande wa kulia wa ini langu. Mwezi wa kwanza wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha mpaka kwenye ini, wakamwaga chembe za mionzi ndogo kuliko unga ziuunguze uvimbe kutoka ndani. Siku ya pili nilirudi nyumbani kwa miguu yangu. Tangu hapo ni uchovu huu, kama mtu kanivalisha koti lililolowa halafu akakataa kunivua.

Sasa daktari anataka kuukata upande wote wa kulia. Lakini kwanza lazima ajue kama upande wa kushoto una nguvu za kufanya kazi peke yake. Ukiwa nazo, nitapasuliwa na huenda nikapona. Usipokuwa nazo, hakuna kupasuliwa. Aliposema hivyo, sikumwuliza kinachobaki.

Kuna kipimo cha kujua hilo. Ni cha mashine ya MRI, ile kama pipa kubwa mtu anaingizwa amelala. Na nani anaiendesha mashine hiyo katika hospitali ile? Binti yangu. Wa tumbo hili hili lenye ini bovu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Uchovu: saba.

Jirani yangu Mama Benki kaja kunipa pole. Jina hilo nimempa mimi, kwa kuwa mwanawe yuko benki na hawezi kusema sentensi tatu bila kumwingiza.

"Mwanangu kahamishiwa ofisi yenye kiyoyozi," akasema kabla hajakaa vizuri.

"Wangu anafanya kazi na sumaku inayoweza kuvuta kitanda cha chuma kutoka mlangoni."

Akakoroga chai yake. "Na mtu je, haimvuti?"

"Mtu haimvuti. Inamwona tu mpaka ndani."

Alipoondoka nikajilaza kwenye mkeka saa mbili nzima. Hata kujisifu siku hizi kunanichosha.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Uchovu: nane. Kwenye kadi, tatu.

Binti yangu kaja na machungwa. Kakaa kwenye kiti cha cherehani akanieleza kipimo cha Alhamisi.

"Mama, wewe unatia rangi vitambaa. Ukitumbukiza kitambaa chenye doa la mafuta inakuwaje?"

"Penye doa rangi haishiki."

"Basi ni hivyo hivyo. Utachomwa dawa mkononi. Ini lililo hai linainywa, linachukua kama dakika ishirini hivi. Halafu ndiyo zinapigwa picha za maana. Palipoinywa panang'aa. Palipokufa, au palipochoka, panabaki peusi."

"Na sindano unanichoma wewe."

"Hapana. Kazini hatumpimi ndugu, ni sheria. Atakupima mwenzangu, yule wa miwani."

"Yule anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu?"

"Huyo huyo. Ni hodari kuliko mimi."

"Hayo usiyaseme mbele za watu."

Akacheka, akaichukua kadi ya njano. Akaisoma juu mpaka chini, akairudisha mezani. Baba yake, ambaye ni fundi saa na huongea kwa kipimo, akasema kutoka kwenye benchi lake: "Mama yako ni wa tatu siku zote. Kama saa iliyosimama." Nikamkata jicho.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Uchovu: nane. Mvua. Sijashona.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Uchovu: tisa. Nitaandika polepole, ila nitaandika yote.

Tulifika mapema, mimi na mume wangu. Kwenye foleni niliwaambia wenzangu kwamba mashine iliyo nyuma ya mlango ule ni ya binti yangu. Mzee mmoja akauliza, "Ya kwake, kwa maana gani?" Nikamwambia aingie ndani atasikia. Maana hilo nalo ni lake: mashine ilikuja na sauti ya mwanamume wa kigeni anayewaambia wagonjwa wavute pumzi, na wagonjwa hawakumwelewa, basi mkuu wao akamwambia binti yangu awe anasema yeye. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeelewa. Kumbe nilielewa nusu.

Wakanivalisha gauni la kufungia mgongoni. Pindo lake limeshonwa na mtu aliyekuwa akiangalia kwingine. Yule wa miwani, nimwite Miwani, akanitia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, akanifunga kitu kama bamba kifuani, akanipa mpira wa kubonyeza nikizidiwa. Akasema, "Mama, ukisikia 'usipumue', usipumue na usitikisike. Na usiseme kitu." Nikamwambia nimezaa bila kupiga kelele, seuze kulala.

Nikaingizwa. Ndani ni kama kulala kwenye bomba huku watu kumi wanagonga mabati juu yako. Kisha kelele zikakatika, nikamsikia.

"Vuta pumzi. Toa pumzi. Usipumue."

Ni yeye. Sauti yake ile ya upole, anayoitumia akitaka nimeze dawa. Nikasema, "Nipo, mwanangu."

Lazima nieleze. Alipokuwa mdogo tulikaa chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Yeye upande wa kitanda, mimi upande wa cherehani. Alikuwa akiliogopa pazia. Basi kila dakika kadhaa huita: "Mama?" Nami bila kuinua mguu kwenye cherehani, "Nipo." Mara mia kwa siku. Shangazi zake wakasema namdekeza. Sikuwahi hata siku moja kuitwa na mtoto yule nikanyamaza.

Zile picha za mwanzo zilipita vizuri, sijui kwa bahati gani. Wakanipa dawa, nikaisikia ya baridi inapanda mkononi. Tukangoja dawa inywewe. Kisha zikaja picha za maana, na kila aliposema "usipumue" nami nasema, "Sipumui, mwanangu, nipo."

Sauti ya Miwani ikaingia. "Mama, tafadhali usiongee. Picha zinatikisika."

"Siongei na wewe, baba. Naongea na mwanangu."

Halafu akasema, taratibu sana, "Mama, mwanao hayupo humu. Hiyo ni sauti aliyoirekodi miaka miwili iliyopita. Husema hivyo hivyo kwa kila mgonjwa."

Sikujua la kufanya na maneno hayo nikiwa nimelala mule ndani. Nikaanza kutetemeka, na kutetemeka ni kubaya kuliko kuongea. Miwani akairudia picha, akairudia tena, na tena. Nami kila ile sauti ikianza, mabega yanacheza yenyewe. Mwisho wakaleta mtu wa ajali, mwenye haki kuliko mimi, nikatolewa.

Nje yule mzee wa foleni akaniuliza, "Umemsikia binti yako?" Nikasema ndiyo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Uchovu: tisa. Nimelala, nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Uchovu: nane.

Daktari ni mtu wa vidole virefu na maneno mafupi. Akasema, "Picha za mwanzo ni nzuri, uvimbe umeungua vizuri. Zile za mwisho, zenye kujibu swali langu, zimetikisika."

"Hakuna hata moja?"

"Kuna moja yenye nafuu. Upande wa kushoto humo ni wa kijivu. Sijui kama ni kijivu cha ini au kijivu cha kutikisika."

"Kwa kukisia je?"

"Siwezi kukata ini la mtu kwa kukisia, mama."

Nafasi nyingine kwenye mashine ni tarehe 10 Aprili. Njiani kurudi, mbingu kijivu, maji ya mtaroni kijivu, hata paka wa kinyozi kijivu. Mume wangu akaninyooshea mwavuli wote, yeye akalowa bega moja mpaka nyumbani.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Uchovu: nane. Mvua, mvua. Sare za shule kumi na moja hazina vifungo.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Uchovu: nane. Tumegombana.

Hakukaa hata kwenye kiti. "Mama, umewaambia watu mashine ni yangu. Wamekwenda dirishani wanataka niwasogeze mbele kwenye foleni kwa sababu wanamjua mama yangu. Mkuu kaniita mbele ya wenzangu."

"Kujivunia mtoto nalo ni kosa?"

"Na hii." Akanyanyua kadi ya njano. "Tatu, tatu, tatu, tatu. Mtu wa tatu haachi sare kumi na moja bila vifungo. Daktari anaisoma kadi hii, mama. Anaitumia. Ukimdanganya yeye umejidanganya wewe."

"Sitaki uwe na mzigo."

"Ninao tayari. Ila unanipa mzigo halafu unaufunika nisione uzito wake."

Nikamwambia kwamba kama angekuwa pale Alhamisi, yote haya yasingetokea. Nikasema kwamba miaka yote nilimwitikia, na siku niliyomwitikia mimi mgonjwa, akawa hayupo. Nilijua ninachokisema ni kibaya, nikakisema mpaka mwisho wake.

Akachukua mwavuli. Mlangoni akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Uchovu: tisa. Hajaja.

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Uchovu: tisa.

Mama Benki kaja, kaona zile sare, hakuuliza. Kakaa kwenye kiti cha cherehani changu, kiti ambacho hakuna jirani amewahi kukikalia, akaanza kushona vifungo kwa mkono. Anashona vibaya. Vifungo vimekaa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Nikasubiri amtaje mwanawe. Vifungo vitatu, vinne, kimya.

"Wa benki hajambo?" nikamwuliza mwenyewe.

"Sijui. Hapigi simu tangu ahamie kwenye kiyoyozi." Akang'ata uzi. "Wako alikuja jana akakuta umelala. Akakaa nawe nusu saa kwenye kigoda, akaondoka. Alinikataza nisikwambie."

Mwanamke huyu nimemwandika vibaya humu, naona. Siifuti, ila naongeza hii.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Uchovu: nane. Na kwenye kadi nimeandika nane. Kalamu iligoma kidogo.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Uchovu: nane.

Leo mume wangu kaweka chini saa ya mtu, akasema, "Lala hapo kwenye benchi." Nikalala. Akashika saa yake ya mfukoni, akasema kwa sauti kavu, "Vuta pumzi. Toa pumzi. Usipumue."

"Sawa."

"Umesema sawa."

"Sijasema."

"Umesema. Tena."

Tukarudia. Nikasema "haya." Tukarudia. Nikasema "mm." Akashusha saa. "Miaka thelathini na minne," akasema, "nilikuwa nikidhani ni mimi tu usiyeniacha nimalize sentensi."

Nilicheka mpaka ubavu wa kulia ukauma. Mara ya nane nikafika sekunde kumi na nane bila sauti. Akasema zinatosha, kamwuliza binti yake kwa simu, ndizo zinazotakiwa. Kwa hiyo wanaongea, wawili hao, pembeni yangu.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Uchovu: nane. Kaja. Machungwa. Hatukuyagusa maneno ya siku ile. Kaiona kadi yenye nane, kaiweka mezani taratibu kama kitu cha kuvunjika, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Uchovu: nane. Sekunde ishirini na mbili. Fundi saa hakusifu, ila aliandika kwenye karatasi.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Uchovu: saba, au nimezoea.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukumbi wa kungojea unanuka viatu vilivyolowa. Yule mzee wa siku ile alikuwepo tena. "Umerudi kwa binti yako?" akauliza. Nikamwambia, "Nimerudi kupimwa, kama wewe." Ilinigharimu.

Miwani akanifunga lile bamba, akainama. "Mama, naweza kuizima sauti yake. Niseme mimi mwenyewe kwa maiki."

Nilifikiri. Alikuwa ananifadhili, na sauti yake si mbaya, ni ya mtu anayesubiri wengine waamke. "Acha ya kwake," nikasema. "Nikiweza kumnyamazia huyo, hakuna nitakayeshindwa kumnyamazia."

Nikaingizwa. Mabati. Dawa ya baridi mkononi. Tukangoja, nami nikalifikiria ini langu, upande wa kushoto, ule mdogo ambao maisha yote hakuna aliyeutegemea. Nikauambia kimoyomoyo, kunywa basi. Kunywa, usinionee haya.

Kisha yeye. "Vuta pumzi. Toa pumzi. Usipumue."

Nikafunga meno. Nitaandika ukweli: si pumzi iliyokuwa ngumu. Ilikuwa kama amesimama nyuma ya lile pazia, ananiita, nami nimekaa kwenye cherehani na mguu wangu unakanyaga na sijibu. Nilihesabu sekunde za mume wangu. Kumi na sita. Kumi na saba. "Pumua," akasema. Nikapumua. Akaniita tena. Sikumjibu tena. Mara sita sikumjibu. Machozi yaliingia masikioni, na machozi hayatikisi picha, nilimwuliza Miwani baadaye.

Aliponitoa akasema, "Imekwisha mama, unaweza kuongea sasa." Akanisaidia kukaa, akavuta mrija mkononi kwa namna ambayo sikuhisi.

"Yuko nje mlangoni," akasema. "Na mara ile alikuwepo. Alibadilishana zamu, akasimama kwenye korido mgongo ukutani muda wote. Kuingia haruhusiwi. Spika ya chumba changu inasikika mpaka pale, na ulipokuwa ukisema 'nipo', alikuwa anakusikia."

Nilikaa kwanza. Kisha nikavaa kandambili, kushoto kulia, kulia kushoto, sijui. Akafungua mlango.

"Mama?" akasema binti yangu.

"Nipo."

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Uchovu: tisa. Si kitu.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Uchovu: saba.

Tuliingia kwa daktari watatu. Binti yangu hakuvaa sare ya kazi. Alivaa gauni la maua nililomshonea mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa, upande ambao hajawahi kuukalia. Hakuwa ameziangalia zile picha. Angeweza, ziko kwenye kompyuta anayoifungua kila asubuhi. Hakuthubutu.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta yake kuelekea kwetu. "Wewe unazijua hizi," akamwambia binti yangu. "Mwonyeshe mama."

Akaangalia. Akafungua mdomo. Akafuta macho, akaangalia tena, akayafuta tena. Huyu anayesoma picha za watu arobaini kwa wiki, akawa haoni kitu.

Basi nikasogeza kiti mimi, wa darasa la saba. Nikaweka kidole karibu na kioo bila kukigusa. "Huku kulia," nikamwambia, "peusi. Hapa ndipo walipounguza, rangi haikushika. Na huku kushoto, tazama, mwanangu, kumekunywa. Kumekunywa kote mpaka kwenye pindo. Hakuna doa."

Nikamgeukia daktari. "Nimekosea?"

"Hujakosea," akasema. "Nimepima pia kwa hesabu. Upande wa kushoto umekua na unafanya kazi. Unatosha. Si kwa kuzidi sana, lakini unatosha." Akasema kupasuliwa kuna hatari zake, akazitaja moja moja, nami nikazisikiliza zote. Mume wangu alikuwa ameishika saa yake mfukoni, nilisikia mlio wake.

Foleni ilikuwa ndefu tulipotoka. Sikumwambia mtu yeyote kitu. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama Benki, lakini huyo ana haki.

Jumatano, tarehe 23 Aprili

Uchovu: saba. Kwenye kadi: saba.

Mvua imekatika tangu juzi. Nimekamilisha sare ya mwisho. Vifungo vya Mama Benki nimeviacha vilivyo.

Kesho nalazwa, Ijumaa asubuhi napasuliwa. Binti yangu kaomba likizo. Chumba cha upasuaji haruhusiwi kuingia, ni sheria, na safari hii sijamlaumu mtu. Nimemwambia asimame pale pale mlangoni, na wakinitoa aniite. Nisipoitika mara ya kwanza asihofu, dawa ya usingizi ni nzito. Aite tena. Mimi sijawahi kuitwa na mtoto yule nikanyamaza, ila siku moja tu, na siku hiyo, mule ndani ya mashine, nilikuwa kazini.